Kuhamisha santuri kwenda dijitali: kuitambua kasoro kwa dalili yake

Kabla hujagusa skrubu ya pleya wala kufungua programu ya kusafisha sauti, sikiliza kasoro inajitokeza wakati gani. Santuri ya 33⅓ (mizunguko kwa dakika) huzunguka mara moja kila sekunde 1.8, na ya 45 kila sekunde 1.33. Kelele inayojirudia kwa mwendo huo imo kwenye santuri. Kelele inayoendelea hata sindano ikiwa imeinuliwa ni ya umeme: nyaya, ethi au priampu, yaani kikuzaji kinachoipokea sauti ndogo ya pleya kabla ya kifaa kingine. Mpasuko wa sauti unaozidi kadiri sindano inavyokaribia katikati unatokana na sindano au namna katriji, yaani kifaa kidogo kinachobeba sindano, ilivyofungwa. Na kelele inayotokea ovyo, ambayo ukirekodi wimbo uleule mara ya pili inahamia mahali pengine, ni ya kompyuta.

Kipimo hicho cha muda ndicho kinachookoa kazi. Wengi hukimbilia programu, na programu haijui kipi ni muziki na kipi ni uchafu, inakisia. Kila kasoro inayoondolewa kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta inaipunguzia programu kukisia. Dalili zifuatazo zinaanza na zile zinazowapata wengi siku ya kwanza.

Sauti ni ndogo, nyembamba, haina besi

Hapa sauti haijapita kwenye priampu ya fono. Katriji ya sumaku, yaani MM, hutoa milivolti 3 hadi 6 tu. Ile ya koili, MC, mara nyingi hutoa chini ya 0.5. Tundu la laini la kadi ya sauti linatarajia mamia ya milivolti. Tena, santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa mkunjo wa RIAA, kanuni ya pamoja ya watengenezaji santuri inayotumika tangu 1954. Priampu ndiyo inayougeuza mkunjo huo: ikilinganishwa na 1,000 Hz, huinua 20 Hz kwa desibeli 19 hivi na kushusha 20,000 Hz kwa desibeli karibu 20. Kwa hiyo ukiongeza kiwango cha kurekodi bila priampu, sauti itakuwa kubwa lakini besi haitarudi.

Angalia nyuma au chini ya pleya. Nyingi za kisasa zina priampu ndani na swichi yenye alama PHONO na LINE. Ukiunganisha moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, swichi iwe LINE. Ukipitia amplifaya yenye tundu la PHONO, swichi iwe PHONO, kisha uchukue sauti kutoka matundu ya REC OUT au TAPE OUT ya amplifaya hiyo. Usiichukue kwenye tundu la hedifoni kama una njia nyingine, maana hapo kiwango hubadilika kila unapogusa kitufe cha sauti.

Kama ulisharekodi santuri nyingi bila priampu na huwezi kurudia, Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ina mkunjo wa RIAA miongoni mwa mikunjo yake ya kusawazisha sauti. Unafanya kazi, ila utainua pia mngurumo wote uliorekodiwa chini, kwa hiyo ni suluhisho la dharura tu.

Kuna hali mbili zinazofanana na hii na huchanganya. Besi ikiwepo vizuri lakini sauti ni ndogo na ina "shii" nyingi, umeunganisha katriji ya MC kwenye priampu ya MM: MM inahitaji ukuzaji wa desibeli 40 hivi, MC inahitaji karibu 60. Sauti ikiwa nyembamba lakini kubwa, pengine pleya yako ya zamani ina katriji ya kauri. Hiyo hutoa sauti ya kutosha bila priampu, lakini inataka tundu lenye ukinzani wa karibu megaohmu 1. Ukiichomeka kwenye tundu la kawaida la laini, besi inapotea.

Sauti ni nzito, imejaa besi, inapasuka

Kinyume cha tatizo la kwanza: sauti imepita kwenye priampu mbili. Swichi ya pleya iko LINE na waya umeingia kwenye tundu la PHONO. Hamisha kimojawapo.

Sababu nyingine ni tundu la maikrofoni la laptopu. Tundu hilo limeundwa kwa sauti ndogo, mara nyingi lina chaneli moja tu, na hupeleka volti kidogo nje kwa ajili ya kuendesha maikrofoni. Sauti ya kiwango cha laini ikiingia hapo hupasuka hata ukishusha kitelezi cha programu mpaka chini, kwa sababu inapasuka kabla ya kufika kwenye kitelezi. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hilo. Tafuta kadi ya sauti ya nje ya USB yenye matundu mawili ya laini, kushoto na kulia.

Mngurumo usiokoma

Inua sindano, ongeza sauti, sikiliza kwa hedifoni. Mngurumo ukibaki, ni wa umeme. Ukipotea, ni wa mashine: mota, beringi, au meza inayotikisika.

Wa umeme una aina tatu, na kila moja ina jaribio lake. Gusa kwa kidole sehemu ya chuma ya mkono wa pleya. Mngurumo ukipungua au kubadilika, waya wa ethi haujafungwa au umekatika. Huu ni waya mwembamba, mara nyingi wenye ncha ya umbo la uma, unaotoka pamoja na nyaya mbili za sauti. Unafungwa kwenye skrubu ya GND ya priampu. Skrubu ikiwa na kutu, ikwangue mpaka chuma king'ae. Pleya zenye priampu ndani mara nyingi hazina waya huu nje, na hilo si kosa.

Jaribio la pili: kama unatumia laptopu, chomoa chaja iendeshe kwa betri. Mngurumo ukikatika papo hapo, una mzunguko wa ethi, yaani vifaa vyako vimeunganishwa na ethi kwa njia mbili na mkondo mdogo unazunguka kati yake kupitia waya wa sauti. Chomeka pleya, priampu na kompyuta kwenye ekstensheni moja. Ikishindikana, rekodi kwa betri, au weka transfoma ya kutenganisha laini kati ya priampu na kadi ya sauti. Usikate wala kuziba pini ya ethi ya plagi ya umeme. Mngurumo utaisha kweli, lakini siku kifaa kitakapopata hitilafu, chuma chake kitakuwa na umeme na kidole chako ndicho kitakuwa njia yake.

Jaribio la tatu: bila kushusha sindano, sogeza mkono wa pleya polepole kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mngurumo ukiongezeka au kupungua kufuatana na mahali ulipo mkono, katriji inadaka usumaku wa mota au transfoma iliyo karibu. Sogeza amplifaya na adapta mbali na pleya, nusu mita au zaidi. Transfoma ikiwa ndani ya pleya yenyewe, jaribu katriji yenye kinga bora.

Mlio mwembamba wa juu, wa "wiii", unaobadilika unaposogeza kipanya au diski inapofanya kazi, unaingia kupitia umeme wa USB. Hamisha kwenye tundu jingine la kompyuta, acha kutumia habu, au weka kitenganishi cha USB.

Mngurumo wa mashine huusikii vizuri kwenye spika ndogo, lakini unaonekana kwenye wimbi: mstari unapanda na kushuka polepole hata kwenye nafasi tupu kati ya nyimbo. Santuri iliyopinda husababisha hayohayo. Filta ya kukata chini ya 20 hadi 30 Hz, yenye mteremko wa desibeli 18 au zaidi kwa okteva, inauondoa bila kugusa muziki.

Ukisikia besi inavimba na kuelekea kupiga yowe unapoongeza sauti ya chumbani, spika zinaitikisa pleya na sindano inarekodi mtikisiko huo. Rekodi spika zikiwa zimezimwa. Faida ya pili ya kufanya hivyo ni kwamba utalazimika kusikiliza kwa hedifoni, na hedifoni huonyesha kasoro nyingi ambazo chumba huficha.

Chaneli moja haisikiki, au sauti haina mwili

Badilisha nyaya za sauti zinazoingia kwenye priampu, ya kushoto iende kulia na ya kulia kushoto. Ukimya ukihamia upande wa pili, tatizo liko kabla ya priampu: waya, kichwa cha mkono au katriji. Ukibaki palepale, tatizo liko kwenye priampu au kompyuta. Endelea kubadilishana hivyo kiungo kwa kiungo mpaka umzingire mkosaji.

Mara nyingi mkosaji ni vijiwaya vinne nyuma ya katriji. Rangi zake ni za kawaida: nyeupe ni kushoto chanya, buluu ni kushoto hasi, nyekundu ni kulia chanya, kijani ni kulia hasi. Klipu hulegea au hushika ukungu. Izime pleya, shika klipu kwa koleo ndogo, ivute na kuirudisha mara mbili tatu ili isugue pini, na ikiwa imelegea ibane kidogo ukiwa umeweka kijiti cha meno ndani yake isifunge kabisa. Usivute kwa kushika waya. Unakatika kwenye maungio ya risasi, na kuuchomea tena klipu ikiwa kwenye katriji kunaweza kuiunguza koili.

Sauti ya stereo inayoonekana pana kupita kiasi, huku mwimbaji akiwa hana mahali na besi imenyauka, inaashiria chaneli moja imegeuzwa chanya kwa hasi. Jaribu kuunganisha chaneli mbili kuwa mono kwenye programu: mwimbaji akitoweka, basi ndivyo. Rekebisha vijiwaya. Kwa faili ulizokwisha rekodi, geuza wimbi la chaneli moja na mambo yatakaa sawa.

Kwa santuri zilizotengenezwa kwa mono, fanya muungano huo kwa makusudi. Muziki wake umekatwa kwa mtikisiko wa pembeni tu. Mtikisiko wa juu na chini ni vumbi na mikwaruzo, na chaneli mbili zikijumlishwa sehemu hiyo inajifuta yenyewe. Ni usafi wa bure, na hauharibu chochote.

Milio ya "tak" na mtatariko

"Tak" moja kila sekunde 1.8 ni mkwaruzo unaokatiza mifereji kadhaa. Mtatariko mwembamba usio na mpangilio, kama mafuta yanayokaanga, ni vumbi au umeme tuli. Ukipungua baada ya kusafisha, lilikuwa vumbi. Ukirudi ndani ya dakika chache, na santuri inanata kwenye mfuko wake wa karatasi unapoitoa, ni umeme tuli: hewa ni kavu mno au mfuko ni mbaya. Tumia mifuko ya ndani ya plastiki laini isiyojenga umeme tuli, na pitisha brashi ya nyuzi za kaboni kabla ya kila upande.

Brashi haiondoi uchafu ulioganda. Hapo santuri inahitaji kuoshwa. Changanya maji yaliyokenekwa sehemu nne na alkoholi ya isopropili sehemu moja, ongeza matone machache ya sabuni isiyo na manukato wala rangi kwa lita. Kinga lebo ya katikati isilowe. Pitisha kimiminika kwa brashi laini au kitambaa cha nyuzi ndogo ukifuata mzunguko wa mifereji, kamwe si kukatiza. Acha kwa dakika moja hivi uchafu ulainike, zungusha mara kadhaa, kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa matupu. Hatua ya kusuuza ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo yenye maana: maji machafu yakikauka kwenye mfereji yanauacha uchafu uleule chini zaidi, na mtatariko unakuwa mkubwa kuliko mwanzo. Maji ya bomba nayo huacha madini. Kausha ikiwa imesimama wima.

Santuri za 78 zilizotengenezwa kwa shelaki zisiguswe na alkoholi. Alkoholi huyeyusha shelaki. Kwa hizo tumia maji yaliyokenekwa na tone la sabuni, na usiziache zimelowa muda mrefu.

Baada ya kuosha, tazama sindano. Ukiona kijiuzi cha vumbi kwenye ncha, kiondoe kwa brashi ndogo ukivuta kutoka nyuma kuja mbele, yaani kutoka upande wa mkono kuja kwako. Ukisukuma kinyume au pembeni unaweza kuupinda au kuuvunja ule ufito mwembamba unaobeba almasi.

Yatakayobaki ndiyo ya programu. Kwa mkwaruzo mmoja mmoja, kuza wimbi mpaka uone mwiba umesimama peke yake, uchague sampuli (vipimo vidogo vinavyounda wimbi) chache pande zote mbili, utumie zana ya kukarabati. Ile ya Audacity haikubali zaidi ya sampuli 128 kwa mara moja. Hiyo ni milisekunde karibu 3 ukirekodi kwa sampuli 44,100 kila sekunde, na 1.3 tu ukirekodi kwa 96,000. Ni kazi ya subira, lakini inagusa kasoro na kuuacha muziki. Zana ya kuondoa milio kwa wimbo mzima ijaribu kwa dozi ndogo kwanza, maana mlio wa tarumbeta una miiba halisi ambayo programu huidhani uchafu. Ukisikia tarumbeta imepoteza makali au ina sauti ya karatasi inayochanika, umezidisha.

Mpasuko na "s" kali, hasa nyimbo za mwisho wa upande

Hapa ndipo panapotofautisha kazi nzuri na mbaya, na ndipo panapofaa kutumia saa nzima.

Ukingoni mwa santuri ya inchi 12 mfereji hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo kasi hiyo imeshuka hadi 21 hivi. Muziki uleule umebanwa kwenye urefu usiofika nusu, kona za mfereji ni kali zaidi, na sindano yenye ncha ya mviringo au iliyochakaa haiwezi kuzifuata. Mpasuko kidogo kwenye wimbo wa mwisho ni wa maumbile ya santuri. Mpasuko mkubwa una sababu zinazorekebishika.

Anza na sindano. Almasi hudumu kwa takriban saa 500 hadi 1,000 kulingana na umbo lake na usafi wa santuri. Kama umenunua pleya iliyokwisha tumika na hujui historia ya sindano, ibadilishe kabla ya kurekodi santuri unayoijali. Sindano iliyolika huwa na ukingo mkali unaochonga kuta za mfereji, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Pili, uzito. Katriji nyingi za MM hutaka gramu 1.5 hadi 2. Fuata karatasi ya katriji yako, si ya pleya. Pima kwa mizani ndogo ya dijitali ya sindano, kwa sababu namba zilizochorwa kwenye kisawazishi cha nyuma ya mkono hupotoka kirahisi. Watu hupunguza uzito wakidhani wanailinda santuri, na matokeo ni kinyume chake: sindano nyepesi huruka na kutua ndani ya mfereji kwenye sehemu zenye sauti kubwa, na kila kutua ni pigo. Kati ya kidogo na kingi, elekea upande wa juu wa kipimo kilichopendekezwa.

Tatu, mpangilio wa katriji kwenye kichwa. Chapisha karatasi ya kupimia yenye nukta mbili. Kwa mpangilio unaotumika sana, nukta hizo ziko milimita 66 na milimita 121 kutoka kwenye kitovu. Hakikisha printa haijabadilisha ukubwa kwa kupima kwa rula. Shusha sindano kwenye nukta ya kwanza, angalia kama pande za katriji ziko sambamba na mistari, kisha nenda kwenye ya pili. Ikiwa moja iko sawa na nyingine imepinda, legeza skrubu mbili, sogeza katriji mbele au nyuma kidogo, urudie mpaka zote mbili zikubali. Kila ukisogeza katriji pima uzito upya, kwa sababu umebadilika.

Nne, antiskeiti. Msuguano huuvuta mkono kuelekea katikati. Antiskeiti huuvuta nje kidogo kusawazisha. Mpasuko ukisikika chaneli ya kulia tu, iongeze; ukisikika kushoto tu, ipunguze. Anza kwa kuiweka namba ileile ya uzito wa sindano.

Kama mpasuko unasikika popote, si ndani tu, tazama wimbi. Vichwa vya mawimbi vikiwa bapa kwenye ukomo, umerekodi kwa kiwango cha juu mno. Vikiwa bapa chini ya ukomo, mpasuko umetokea kwenye priampu au tundu kabla ya kompyuta. Vikiwa na umbo lake la kawaida, rudi kwenye sindano.

Zipo pia sauti zinazokuwa kali mno, au zilizofifia, bila mpasuko. Katriji ya MM inataka tundu lenye ukinzani wa kiloohmu 47 na jumla ya pikofaradi 100 hadi 300 (kipimo cha uwezo wa kushika chaji ya umeme), kebo ikihesabiwa. Kebo ndefu huongeza pikofaradi, na zikizidi, sauti za juu hujiinua mahali pamoja kisha hukatika mapema. Tumia kebo fupi kati ya pleya na priampu. Urefu uweke baada ya priampu, ambako hauna madhara.

Mwendo: juu, chini, au unaoyumba

Bandika alama ndogo kwenye lebo, shusha sindano, na hesabu mizunguko. Kwa 33⅓, mizunguko 100 lazima ichukue sekunde 180. Kwa 45, mizunguko 135 kwa sekunde hizohizo. Pima sindano ikiwa chini, kwani msuguano wake hupunguza mwendo wa pleya dhaifu. Ikichukua 177, pleya inakwenda haraka kwa asilimia 1.7. Tofauti ya asilimia karibu 6 ni nusu toni nzima.

Mwendo wa polepole unaozidi kuwa polepole kadiri pleya inavyopata joto ni mkanda uliolegea au beringi kavu. Futa mkanda na puli kwa alkoholi, na ukiona nyufa ununue mpya. Kama kosa ni la kudumu, hata programu inaweza kulirekebisha: badilisha mwendo pamoja na toni, si kimoja peke yake.

Sauti inayopanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko ina chanzo kingine. Tazama kichwa cha mkono kwa upande wa mbele: kikiyumba kushoto na kulia, tundu la santuri halipo katikati. Kosa la nusu milimita hutoa myumbo wa asilimia 0.5 kila upande kwenye nusu kipenyo cha sentimita 10, na 0.8 karibu na lebo, ndiyo maana piano za mwisho wa upande huumia zaidi. Kupanua tundu kidogo na kuisogeza santuri mpaka mkono utulie kunafanya kazi, lakini hakurudishiki. Kwa santuri yenye thamani ya ukusanyaji tafuta nakala nyingine. Kichwa kikipanda na kushuka, santuri imepinda.

Toni ikiwa imekosea kwa asilimia 8 au 9 wakati pleya iko sawa, ni ugomvi wa 44,100 na 48,000 kati ya programu na mfumo wa kompyuta. Weka namba moja kila mahali.

Kasoro za kompyuta

Ukisikia chumba, feni na hatua za watu ndani ya rekodi, programu inasikiliza maikrofoni ya laptopu. Chagua kadi ya USB kwa jina.

Sauti inayovuta pumzi, ambapo sehemu tulivu zinazama na kubwa zinarudi kwa kishindo, inatokana na mfumo kuidhania kadi yako kuwa maikrofoni ya mazungumzo. Zima uboreshaji wote wa sauti, upunguzaji wa kelele na urekebishaji wa kiwango wa kujiendesha kwenye mipangilio ya kifaa.

Mikatiko mifupi isiyotabirika ni data iliyopotea njiani. Ongeza bafa, yaani akiba ya muda ya data, hadi milisekunde 100 au 200. Kuchelewa hakuna madhara hapa kwa kuwa hupigi ala. Funga kivinjari, zima usingizi wa kompyuta na uokoaji wa nishati wa USB, chomeka kadi moja kwa moja, na andika kwenye diski ya ndani badala ya kijiti.

Rekodi kwa biti 24. Kelele ya santuri yenyewe iko desibeli 60 hadi 70 chini ya muziki mkubwa, kwa hiyo biti 16 zinatosha kwa faili la mwisho. Ziada ya 24 ni kukupa nafasi ya kurekodi chini bila hofu. Lenga vilele vya muziki kwenye desibeli -6, na hata -12 hakuna unachopoteza. Mwiba wa mkwaruzo ukigonga ukomo usishushe kiwango kwa ajili yake, utauondoa baadaye. Dakika moja ya stereo ya biti 24 kwa 96,000 ni megabaiti 35 hivi, kwa 44,100 ni 16. Faili la kawaida la WAV, sauti isiyobanwa, haliwezi kupita gigabaiti 4, ambazo kwa 96,000 zinajaa baada ya saa mbili na dakika chache. Rekodi upande mmoja kwa faili moja na hutafika huko.

Rekodi ilikuwa nzuri, ikaharibika baada ya kusafishwa

Sauti kama ya majini, yenye vimluzi vidogo kwenye mikia ya vinanda, ni upunguzaji wa kelele uliozidi. Chukua sampuli ya kelele kwenye mfereji mtupu kabla ya wimbo wa kwanza, sindano ikiwa imeshuka, si ikiwa juu. Punguza desibeli 6, usizidi 8. "Shii" kidogo sikio huizoea ndani ya dakika moja; vimluzi halivizoei.

Mpangilio wa kazi una uzito wake: filta ya chini, kisha milio, kisha kelele, na kiwango mwisho kabisa, kwa pande zote mbili pamoja ili tofauti za sauti kati ya nyimbo zibaki kama zilivyokatwa. Ukipandisha kiwango kwanza, kizingiti ulichokizoea cha kuondoa milio hakitakufaa tena. Weka lebo mwanzoni mwa kila wimbo kisha hamisha zote kwa mkupuo kama FLAC, ambayo hubana bila kupoteza kitu na hubeba majina ya nyimbo vizuri kuliko WAV. Faili ghafi lihifadhi kando bila kuligusa, maana zana za kusafisha huboreshwa na santuri huendelea kuchakaa.

Zisizo na tiba

Ukisikia mwangwi hafifu wa muziki sekunde 1.8 kabla haujaanza, mfereji wa jirani uliusukuma ukuta wakati wa kukata au kugandamiza santuri. Unaweza kuukata kwenye ukimya kabla ya noti ya kwanza, ndani ya wimbo haiwezekani. Mpasuko uliobaki palepale hata kwa sindano mpya iliyopangwa vizuri ni ukuta ulioliwa zamani na sindano ya mtu mwingine. Jaribu sindano yenye umbo tofauti. Ile ya mviringo na ile ya duaradufu hugusa ukuta kwa kina tofauti, na pengine moja itapita mahali ambapo hapajaliwa.

Za 78 zina mfereji mpana, zinataka ncha ya takriban mikromita 70 badala ya 18. Ukizipiga kwa sindano ya kawaida, inaburuzika kwenye sakafu ya mfereji na kuokota mchanga mtupu. Pleya isiyo na 78 inaweza kuzirekodi kwa 45 kisha mwendo ukazidishwa mara 1.74, ila mkunjo wa RIAA utakuwa umeangukia mahali pasipo pake, na nyingi za santuri hizo zilikatwa kabla ya RIAA kwa mikunjo iliyotofautiana kampuni kwa kampuni. Rekebisha besi na sauti za juu kwa sikio baada ya kusahihisha mwendo, si kabla.